Moyo Usio na Chenga

Kazi yangu ni kubana video. Watu huniletea DVD zao za harusi, za mahafali na za mazishi zikiwa zimeanza kukwaruzika, nami nazihamisha ziwe mafaili yanayoingia kwenye simu na flashi. Kwa miaka kumi na minne nimefanya kazi hiyo kwa masharti mawili niliyojiwekea mwenyewe. La kwanza, usikate kitu cha mteja. Ukikata dakika mbili za shangazi anayecheza peke yake kule kona, kesho yuko mlangoni kwako, na mdomo wake si wa mchezo. La pili, safisha picha. Watu hawaji kwangu kuona ukweli, wanakuja kujiona wazuri.

Nasema haya mapema ili usije ukadhani nilikuwa mzembe. Sikuwa mzembe. Nilifanya kila kitu vizuri, kama ninavyofanya siku zote, na hilo ndilo linaloniuma.

Dada yangu amenipita miaka tisa. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyenifulia, aliyenichapa na aliyenisomesha. Ni mwalimu wa hesabu. Akikuuliza swali anahesabu mpaka kumi kichwani akisubiri jibu, na ole wako ukijikuna kichwa. Homa ilimshika mwaka huu ikagoma kumwachia. Wiki tatu alikuwa akitetemeka jioni na kujidai mzima asubuhi, mpaka shemeji yangu, yaani mume wake, akachoka kubishana naye akambeba mzimamzima hadi hospitali.

Daktari wa wodi alikuwa mwanamke mmoja mwembamba, kijana, anayezungumza kama mtu anayeomba radhi. Alimpima dada moyo kwa ile mashine ya picha, kisha akatuita mimi na shemeji kwenye korido.

"Nadhani nimeona kitu," alisema. "Kwenye mlango mmoja wa moyo. Kidogo sana, kama punje ya dengu. Kinapepea. Lakini sina hakika, mimi si mtaalamu wa moyo."

"Kinapepea vipi?" shemeji aliuliza.

"Kinaning'inia pale. Damu ikipita, kinayumba. Kama kweli kipo, sindano tulizomwanzishia lazima ziendelee wiki nyingi, na asinyanyuke kitandani kabisa. Kikikatika kinaweza kusafiri na damu mpaka kichwani."

"Kikifika kichwani?"

Daktari akatazama viatu vyake. "Tusifike huko."

Shemeji ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu mwenye kifua kama kabati, lakini siku ile nilimwona akishika ukuta. Nilikwenda kumwona dada nikamkuta amekaa kitandani anasahihisha daftari za wanafunzi, na kila alipogeuza ukurasa nilitaka kumshika mkono asitikisike.

Kesho yake ile mashine ya picha ilizima ikagoma kuwaka tena. Fundi wake alikuwa mji mwingine. Kilichobaki ni DVD moja, kwa sababu mashine ile ya kizamani huhifadhi nakala ya kila kipimo kwenye diski. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyeusi namba ya kitanda cha dada. Mtaalamu wa moyo yuko hospitali kubwa, safari ya siku mbili, na dada hakuruhusiwa hata kwenda chooni kwa miguu. Mtaalamu husoma picha za wagonjwa wa mbali siku ya Alhamisi tu, mwisho saa nane mchana. Unamtumia kwa mtandao, faili moja kwa mgonjwa mmoja, lisizidi megabaiti mia tano.

"Hii diski ina zaidi ya gigabaiti mbili," daktari alisema. "Kompyuta yetu ya wodi haiwezi kuifanya chochote. Kuna mtu mnayemjua anaelewa mambo ya video?"

Shemeji akanisukuma mgongoni. "Huyu hapa! Ndiyo kazi yake hii."

Kichwa kikanivimba, sitaficha. Katika jambo zima lile la sindano na majina magumu, hatimaye kulikuwa na kitu ninachokijua mimi. "Nipe, daktari," nikasema. "Saa sita haifiki, itakuwa imeshaenda."

Alhamisi saa tatu asubuhi nilikuwa dukani. Chumba changu ni kidogo, kompyuta moja yenye feni mbili zinazolia, rafu ya diski mpaka darini na benchi la wateja. Shemeji alikaa kwenye benchi na ovaroli lake linalonuka chuma kilichoungua. Alikataa kwenda kazini. Nikaanza kwa kuinakili diski yote kama ilivyo, maana hiyo ni desturi yangu, kisha nikaiwekea programu ya kubana nikabonyeza. Tulisubiri nusu saa. Faili likatoka, nikaangalia ukubwa wake, nikatoa macho.

Gigabaiti tatu na pointi nne.

"Ilikuwa mbili," shemeji akasema taratibu. "Sasa tatu. Shemeji, wewe unabana au unaumua?"

"Tulia. Kuna kitu nimesahau."

Kweli nilikuwa nimesahau. Wateja wangu siku hizi wana televisheni kubwa kama milango, kwa hiyo kompyuta yangu huwa nimeitegesha ikuze kila picha. Ilikuwa imekuza moyo wa dada ukubwa wa skrini ya ukumbi. Nikaondoa, nikaanza upya. Gigabaiti moja na pointi tisa. Nikachungulia sauti. Diski ya hospitali haina sauti ya maana, ni mngurumo tu wa mashine, lakini ulikuwa umehifadhiwa bila kubanwa hata kidogo na ulikuwa unakula nafasi kama mgeni asiyeaga. Nikautupa. Moja na pointi nne. Nikashusha ubora hatua tatu. Megabaiti mia tisa.

Ilikuwa saa sita na robo. Jasho jembamba lilikuwa likinitoka mgongoni.

"Imebaki mara mbili ya inavyotakiwa," shemeji alisema.

"Naona."

"Saa nane ikipita?"

"Nimesema naona!"

Nikailazimisha programu. Nikaiambia, nataka megabaiti mia tano, usizidishe hata moja. Ikatii, lakini picha ilitoka miraba mitupu, moyo ukaonekana kama ukuta wa matofali unaopumua. Hiyo nisingemtumia mtu yeyote. Nikainama karibu na skrini, pua inakaribia kugusa kioo, ndipo nikauona ubaya ulipo. Picha yote ilikuwa imejaa chenga. Unazijua chenga, zile nukta nyeupe zinazorukaruka kwenye televisheni antena ikikosa mawimbi. Mashine ya hospitali ilikuwa nzee, na picha yake ilichemka chenga toka mwanzo hadi mwisho. Sasa programu ya kubana haijui kipi cha maana na kipi upuuzi. Kila nukta inayoruka inaiona ni habari mpya, inaiandika, na dakika arobaini za chenga ni habari nyingi mno. Ndiyo sababu faili lilikataa kupungua.

Na dawa ya chenga ninayo. Nimeitengeneza mwenyewe kwa miaka, mpangilio mmoja kwenye kompyuta yangu nilioupa jina Bibi Harusi. Unalinganisha kila picha na ile iliyotangulia na ile inayofuata. Kilichotulia unakiacha. Kinachoonekana mara moja kufumba na kufumbua, unakihesabu ni uchafu, unakifuta na kulainisha pale kilipokuwa. Bibi harusi mwenye chunusi anatoka na ngozi ya mtoto. Sijawahi kupata mteja aliyelalamika.

Nikauwasha. Dakika ishirini na tano. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, nikisikia pumzi yake shingoni.

Megabaiti mia tatu na kumi.

Nilipiga meza kwa ngumi. Shemeji akanikumbatia kwa nyuma mpaka kiti kikalia. Tukafungua faili tukatazama kidogo, na kusema kweli ilikuwa picha nzuri, nyeusi nyeusi na nyeupe nyeupe, milango ya moyo ikifunguka na kufunga bila chembe moja ya uchafu. Saa saba na nusu faili lilikuwa limekwenda. Nililitia na kwenye simu yangu, jioni nikamwonyesha dada kitandani.

"Kumbe nina moyo mzuri hivi," akasema, "na ninyi mnauudhi kila siku."

Jibu lilikuwa limeshafika. Daktari alilisoma mbele yetu kwenye karatasi, mara mbili, paji la uso limekunjamana. Mtaalamu alisema milango yote ya moyo ni safi na hakuna kinachoning'inia popote. Homa itafutwe kwingine. Sindano zisimamishwe, mgonjwa anaweza kwenda nyumbani na kuendelea na shughuli zake.

"Basi labda nilichokiona mimi zilikuwa chenga tu," daktari alisema, karibu kwa kujisemea.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikadakia. "Zilikuwa chenga, daktari. Mashine yenu imechoka. Nimezisafisha zote."

Akainua macho. "Umezisafisha?"

"Zote! Hakuna hata moja."

Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kuuliza. Lakini shemeji alikuwa ameshamshika mkono wake mwembamba anautikisa kama pampu, anacheka, machozi yanamtoka, anamwambia asijali, kila mtu hukosea, hata yeye amewahi kuchomelea geti upande usiofunguka. Daktari akatabasamu kidogo, akafunga mdomo wake.

Ijumaa dada alirudi nyumbani. Jumatatu asubuhi alirudi shuleni. Tulimwambia apumzike walau wiki, akatuuliza kama sisi ndio tutakaofanya mtihani wa wanafunzi wake.

Jumatatu hiyo hiyo, kama saa nne kasoro, nilikuwa nairudisha diski kwenye bahasha ili niipeleke hospitali ikae kwenye jalada lake. Sirudishi diski ya mtu kabla ya kuihakiki. Naweka ile ya asili kushoto na kazi yangu kulia, naziendesha pamoja, naangalia mwanzo, katikati na mwisho. Nikafanya hivyo huku nakunywa chai. Mwanzo sawa. Nikaruka hadi dakika ya ishirini na sita.

Kushoto chenga zilikuwa zinachemka. Katikati ya chenga, mlango wa moyo ulikuwa unafunguka na kufunga, na kwenye ncha ya mlango kulikuwa na nukta inayopepea. Kulia mlango ulikuwa msafi.

Niliweka kikombe chini. Nikasimamisha, nikaanza kwenda picha moja moja. Chenga ni kitu kisicho na makao, ukienda picha inayofuata iko kwingine. Hii haikuondoka. Ilirushwa juu, ikarudi. Ikarushwa chini, ikarudi pale pale kwenye ncha, pigo baada ya pigo, kama kitambaa kilichonasa kwenye waya. Nilihesabu mapigo kumi na tisa. Kulia, katika mapigo hayo hayo kumi na tisa, hapakuwa na kitu. Niliona hata alama, kivuli laini cha kijivu mahali ilipokuwa, kama ngozi ya shavu la bibi harusi.

Ilikuwa inapepea upesi. Kufumba na kufumbua. Mpangilio wangu ulikuwa umefanya nilichoufundisha.

Kisha nikafanya jambo ambalo sijamweleza mtu mpaka leo. Nilizima skrini. Nilikaa mbele ya kioo cheusi nikajiambia kwamba mtaalamu amesema safi, na mtaalamu ni mtaalamu. Nikajiambia mimi ni mtu wa harusi tu, najuaje moyo. Nikajiambia nikinyamaza hakuna atakayejua, na nikisema, kila mtu atajua ni mimi. Sijui nilikaa hivyo dakika ngapi. Kisha nikaona kichwani mwangu ngazi za shule ya dada, ghorofa tatu, na yeye anapanda huku amebeba daftari, na ile punje imeshikilia kwa uzi. Nikapiga simu wodini, vidole vikigonga namba zisizo zenyewe mara mbili.

"Daktari, ni mimi, mdogo wake mwalimu. Lile faili nililotuma, nilifuta kitu."

"Umefuta nini?"

"Ile punje yako. Ipo kwenye diski. Kwenye faili haipo. Niliifuta pamoja na chenga."

Nilisikia kiti kikisukumwa. Sauti ya kuomba radhi ilikuwa imemtoka. "Dada yako yuko wapi sasa hivi?"

"Shuleni. Anafundisha ghorofani."

"Asipande ngazi wala asishuke. Asitembee. Mkalisheni hapo alipo, gari la wagonjwa natuma. Na wewe nipe kipande hicho, kama kilivyo kwenye diski, usikiguse kwa chochote. Nampigia mtaalamu sasa hivi."

"Kipande tu?"

"Sekunde kumi! Tulihitaji sekunde kumi za mlango ule, basi. Mbona hukuniuliza?"

Ingenijiaje akilini kumuuliza mtu kama naweza kukata? Nilikata sekunde kumi na mbili bila kubana, bila kusafisha. Megabaiti kumi na moja. Zilikwenda kabla sijainuka vizuri kwenye kiti, na asubuhi nzima ile ya Alhamisi nilikuwa nimetoka jasho bure.

Nikatoka mbio. Simu ya dada iliita na kuita, wakati wa vipindi huiacha kwenye droo ya ofisi ya walimu. Nikampigia shemeji. Nyuma yake chuma kilikuwa kinasagwa.

"Shemeji yangu!" alipiga kelele, kisha nikamsikia akiwaambia wenzake, "Huyu ndiye aliyesafisha moyo wa mke wangu!" Wakacheka wote.

"Njoo shuleni," nikasema.

"Kuna nini?"

"Njoo tu, shemeji. Njoo sasa." Nikakata. Sikuweza kusema zaidi ya hapo, mbele ya kicheko kile.

Nilikuwa bado hatua hamsini kufika getini kengele ya mapumziko ilipolia. Mapumziko maana yake dada anashuka kunywa chai. Mlinzi alinyoosha kirungu kunizuia, nikapita chini yake, akaanza kunifukuza. Wanafunzi walikuwa wanamiminika kwenye ngazi kama maji, nami nilikuwa napanda dhidi yao, nasukuma mabega, natukanwa kwa adabu na bila adabu. Ghorofa ya kwanza sikumwona. Ya pili sikumwona. Nikamwona kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, anashuka, daftari zimempanda mpaka kidevuni.

"Dada, simama!"

Akasimama. Aliniona, akamwona mlinzi nyuma yangu. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kaa chini."

"Nikae kwenye ngazi? Mbele ya wanafunzi wangu?"

"Kaa, dada. Nakuomba."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alimpa mlinzi daftari, akakunja sketi yake vizuri, akakaa kwenye ngazi. Nilikaa hatua moja chini yake nikamshika vifundo vya miguu, kana kwamba ningeweza kukizuia kitu kilicho kifuani kwa kushika miguu. Simu ikalia. Ni daktari. Mtaalamu ameona. Kipo, tena kikubwa kuliko alivyodhani yeye. Gari limeshatoka. Ashushwe kwa kiti, taratibu, asikanyage hata ngazi moja.

"Wameona kitu kwenye picha ya moyo wako," nikamwambia dada. "Mimi ndiye niliyekiona leo. Lazima urudi hospitali."

Hiyo ilikuwa kweli, na ilikuwa nusu. Kisha nikamgeukia mlinzi nikamwomba kiti.

Mlinzi alileta kiti cha mwalimu mkuu, kile chenye mikono. Mwalimu wa michezo akashika upande mmoja, mlinzi upande wa pili, mimi nikatangulia chini kinyumenyume nikiwa nimeshika miguu ya mbele. Sijawahi kuogopa ngazi kama nilivyoziogopa zile. Kila mguu wa kiti ulipogusa simenti nilimwangalia dada mdomo, kama umepinda kwa kiharusi. Nilimwangalia jicho la kushoto, nikamwangalia la kulia. Daktari alikuwa amesema kichwani, na mimi nilitaka kujua kama kichwa bado kipo.

"Dada, kumi na saba mara sita?"

"Mia na mbili. Umeingiwa na wazimu?"

Ngazi nne nyingine.

"Arobaini na tano mara nane?"

"Mia tatu na sitini. Angalia unakokanyaga."

Wanafunzi walikuwa wamejipanga ukutani kutupisha. Tukafika ghorofa ya kwanza. Mwalimu wa michezo alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Ishirini na tatu mara nne?"

Hakujibu. Alikuwa ametazama mbele, juu ya kichwa changu, midomo imefunguka kidogo. "Dada! Ishirini na tatu mara nne!"

"Tisini na mbili," akasema. "Nimechoka kukujibu. Unauliza kama mtu mwenye kosa."

Tulifika chini. Gari la wagonjwa liliingia getini, na pikipiki ya shemeji ikaingia nyuma yake. Walimhamisha dada kwenye machela. Muuguzi, mwanamume mwenye fomu mkononi, akauliza ni ndugu gani atapanda naye. Mmoja tu, hakuna nafasi.

Shemeji alikuwa anakuja mbio, miwani ya kuchomelea imemkaa kwenye paji la uso. Nilirudi nyuma nimpishe. Nilitaka sana kumpisha. Dada akanishika ukosi wa shati.

"Huyu mdogo wangu ndiye aliyekiona," alimwambia muuguzi, na alisema kwa fahari, kama mtu anayetangaza mwanafunzi aliyeshika namba moja. "Madaktari wote walipitwa. Yeye akakiona."

Nadhani kama asingesema vile ningenyamaza. Nadhani ningenyamaza mpaka kaburini.

"Dada, mimi ndiye niliyekifuta."

"Umefuta nini?"

"Hicho kitu. Kilikuwemo kwenye diski toka mwanzo. Nilikisafisha na chenga ili faili liwe dogo. Ndiyo maana mtaalamu hakukiona. Ndiyo maana walikutoa."

Shemeji alikuwa ameshafika, mkono wake uko kwenye mlango wa gari. Alisikia yote. Sikumtazama. Muuguzi aliacha kuandika.

Dada alinitazama kutoka kwenye machela, na nilimwona akipiga hesabu, siku moja moja. "Jumamosi nilifua mashuka," akasema. "Jana nilibeba ndoo mbili za maji. Leo nimepanda zile ngazi mara mbili."

"Najua."

"Hujui. Hukuwepo."

Akaachia ukosi wangu. Nikageuka niondoke, na njia ilikuwa wazi, kwa sababu shemeji alikuwa amesogea pembeni, mikono imelegea.

"Unakwenda wapi?" dada akauliza.

"Nampisha shemeji."

"Mume wangu atatufuata na pikipiki. Kule wataniuliza kilichowapita ni kipi na kilikuwa wapi. Mimi sijui, na yeye hajui. Wewe ndiye unayejua ulichokifuta." Alifumba macho, akayafumbua tena. "Panda."

Nikapanda. Muuguzi akafunga mlango. Dada hakunipa mkono wake wala mimi sikuuomba. Nilikaa kwenye kile kibao chembamba, nikamkazia macho kifuani shuka likipanda na kushuka, na njia nzima niliogopa kupepesa.